Mchezo wa Watoto Uliogeuka Akiba
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Hesabu ya faida na hasara

Leo tuna somo la hesabu. Tutajumlisha, tutatoa, tutazidisha, na tutatafuta asilimia, yaani sehemu katika kila mia. Weka kalamu na daftari karibu, maana mara mbili tatu nitakuomba uandike.

Darasa moja limetuletea barua. Ndani yake mzee mmoja asema kwamba kijana wake anafanya kazi Uingereza. Kila apatapo mshahara, kijana huyu hununua maboksi ya michezo ya watoto. Hayafungui. Ameyapanga chini ya kitanda na juu ya kabati, naye hana mtoto hata mmoja. Mzee alipomwuliza, kijana alijibu, "Baba, hii ndiyo akiba yangu." Sasa mzee auliza: je, kijana ana akili zake timamu, au Ulaya imemchanganya?

Mzee wetu, kijana wako hana wazimu. Wako watu wengi Ulaya na Marekani wafanyao kama yeye, na baadhi yao wamepata fedha nyingi. Lakini kuwa na akili timamu ni jambo moja, na kupata faida ni jambo lingine. Kununua ni rahisi, kila mwenye fedha aweza. Kuuza ndiko kwenye kazi. Basi tulitazame jambo hili polepole.

Kwanza, mchezo wenyewe ni nini? Ni vitofali vya plastiki. Kila kitofali kina vijinundu juu na tundu chini. Ukikibandika kimoja juu ya kingine, vinashikana, ukivivuta, vinaachana. Mtoto aweza kujenga nyumba leo, akaibomoa, na kesho akajenga gari kwa vitofali vile vile. Kampuni ivitengenezayo ni LEGO, ya mji wa Billund katika nchi ya Denmark. Aliyeianzisha alikuwa seremala, jina lake Ole Kirk Kristiansen. Mwaka 1932, wakati kazi za useremala zilikuwa haba kwa sababu ya shida ya uchumi, alianza kutengeneza michezo ya mbao. Jina LEGO limetokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri." Vitofali vya namna tunayoijua sasa viliandikishwa kisheria mwaka 1958, ili mtu mwingine asiige. Kitofali cha mwaka ule chashikana na kitofali kilichotoka kiwandani juzi. Shika jambo hilo akilini. Mchezo usiooza, wala usiopitwa na umbo lake, waweza kukaa miaka mingi na bado ukatakiwa.

Vitofali huuzwa ndani ya boksi pamoja na kitabu cha picha kinachoonyesha jinsi ya kujenga kitu fulani. Boksi zima na vilivyomo huitwa seti. Andika neno hilo: SETI.

Sasa tuje kwenye sinema. Mwaka 1999 kampuni hii ilianza kutoa seti za Star Wars, sinema ya Kimarekani ya vita vya angani ambayo ilionyeshwa kwanza mwaka 1977. Kampuni haikuweza kujichukulia tu majina na sura za watu wa sinema. Sinema ina mwenyewe, na mwenyewe lazima atoe ruhusa na alipwe. Ruhusa hiyo ndiyo leseni. Mwaka 2001 zikafuata seti za Harry Potter, mwaka 2011 seti za Pirates of the Caribbean, na mwaka 2012 seti za The Lord of the Rings.

Kwa nini seti za sinema zinapendwa na wenye kuweka akiba? Sababu kubwa ni kwamba mnunuzi wake si mtoto tu. Mtu aliyeiona sinema akiwa na miaka 10, leo ana miaka 40 au 50, ana mshahara, na moyo wake ungali kule. Anataka kile chombo cha angani alichokiona utotoni, na wazazi wake wakati ule hawakuweza kumnunulia. Mtu wa namna hii habembelezi bei sana. Sababu ya pili ni kwamba seti ya sinema ina mwisho. Sinema hupoa, leseni humalizika, au kiwanda huona bora kitengeneze kitu kingine. Siku hiyo seti huondolewa katika orodha ya kiwanda. Wenyewe husema seti "imestaafu." Imestaafu kama karani, ila haipati pensheni. Pensheni, ikiwapo, huipata yule aliyeinunua mapema.

Jambo hilo mnalijua. Wakati wa mavuno mahindi yamejaa na bei iko chini. Mwenye ghala hununua, hungoja, na miezi ya njaa huuza. Seti ikiwa ingali dukani, ni kama wakati wa mavuno: kila atakaye aipata kwa bei ya duka. Ikistaafu, zilizobaki ni zile zilizo majumbani tu. Kila moja ikifunguliwa, au ikiloa, au vipande vyake vikipotea, zimepungua. Wanaozitaka wakiwa ni wengi kuliko zilizobaki, bei hupanda.

Lakini mfano wa mahindi una pengo, na pengo lenyewe ndilo lililowaumiza wengi. Mwenye ghala ajua kwamba njaa ikifika watu watakula. Mwenye seti hana uhakika kama kuna atakayeitaka. Tena mvua haina mkataba na mtu, lakini kiwanda kingalipo, na mashine zake zinazunguka. Sikilizeni habari hii.

Mwaka 2007 kampuni ya LEGO ilitoa seti kubwa ya chombo cha angani kiitwacho Millennium Falcon, cha sinema ya Star Wars. Namba yake ni 10179. Ilikuwa na vipande 5,195, na bei yake Marekani ilikuwa dola 500 kasoro senti moja. Watu walishangaa. Dola 500 kwa mchezo! Wengi waliiacha dukani. Baada ya miaka michache ikastaafu. Bei ikaanza kupanda, ikapita dola 1,000, ikapita dola 2,000, na wako walioiuza kwa zaidi ya hapo ikiwa haijafunguliwa. Habari zikaenea magazetini. Aliyenunua moja alijuta kwa nini hakununua tatu. Aliyesikia habari akiwa amechelewa, akanunua kwa bei ile ya juu, akitumaini itazidi kupanda.

Mwaka 2017 kiwanda kikatoa Millennium Falcon nyingine. Namba yake ni 75192. Hii ilikuwa na vipande 7,541, na bei yake ilikuwa dola 800 kasoro senti moja. Ilikuwa kubwa zaidi, mpya zaidi, na ilipatikana dukani. Fikiri wewe ni mtu mwenye hamu ya chombo hiki tangu utoto. Je, utatoa maelfu ya dola kwa ile ya zamani, au utakwenda dukani ukatoe 800? Bei ya ile ya zamani ikaanguka. Haikuanguka mpaka chini kabisa, kwa maana wako wakusanyaji wanaoitaka ile ya kwanza kwa kuwa ni ya kwanza. Aliyenunua kwa 500 mwaka 2007 bado alicheka. Aliyenunua kwa bei ya juu mwaka 2016 alilia. Seti ni ile ile, boksi ni lile lile, ila tarehe ya kununua ndiyo iliyowatofautisha.

Na wale waliokimbilia kununua hiyo mpya wakaiweka, wakingoja istaafu upesi? Waliambulia kungoja. Seti ile iliendelea kuuzwa madukani mwaka baada ya mwaka.

Kiwanda hakikumdhulumu mtu. Kazi yake ni kutengeneza michezo na kuiuza, nacho hakikumwahidi mtu yeyote kwamba hakitarudia. Mwaka huo huo wa 2017 kilirudia pia jengo la Taj Mahal, ambalo lilitoka kwanza mwaka 2008 na baadaye bei yake ikapanda vile vile. Ufunguo wa ghala anao mwingine.

Tutoke katika maboksi makubwa kidogo. Mwaka 2003 ilitoka seti ya Star Wars iitwayo Cloud City, namba 10123. Ilikuwa na vipande 698, na bei yake Marekani ilikuwa kama dola 100. Si kubwa. Ndani yake kulikuwa na vijisanamu vya watu wa sinema, urefu wake kama kidole gumba. Kimoja ni Boba Fett, yule mwindaji wa watu, na rangi yake ilipigwa chapa hata mikononi na miguuni, jambo lisilo la kawaida wakati ule. Leo kijisanamu hicho, peke yake, bila boksi, huuzwa kwa bei inayozidi bei ya seti nzima ilipokuwa dukani. Chatosha kumezwa na mtoto kwa bahati mbaya! Basi ukubwa sio unaoleta bei. Bei hutoka katika uchache na hamu. Na penye bei hakukosekani mwigaji: vijisanamu vya bandia viko sokoni, na asiyejua kutofautisha huuziwa bandia kwa bei ya kweli.

Haya, sasa kalamu.

Mwishoni mwa mwaka 2021 wataalamu wawili wa chuo cha uchumi cha Moscow, nchini Urusi, Victoria Dobrynskaya na Julia Kishilova, walitangaza uchunguzi wao. Walitazama bei za seti 2,322 za LEGO zilizotoka kati ya mwaka 1987 na 2015. Waliona kwamba, kwa wastani, seti ambazo hazijafunguliwa zilipanda bei asilimia 11 kwa mwaka. Habari hii ilienea sana, na huenda ndiyo aliyoisoma kijana wetu wa Uingereza. Maana yake ni nini?

Chukua dola 100. Asilimia 11 ya 100 ni 11. Mwisho wa mwaka wa kwanza una 111. Mwaka wa pili, asilimia 11 huhesabiwa juu ya 111, nayo ni 12 na senti 21. Jumla 123 na senti 21. Mwaka wa tatu wapata 136 na senti 76. Ukiendelea hivyo, mwaka wa saba fedha zimezidi mara mbili. Ni hesabu tamu.

Lakini shika neno WASTANI, uliandike, ulipigie mstari. Wataalamu hao hao waliona kwamba seti nyingine zilipoteza hata nusu ya bei kwa mwaka, na nyingine zilipanda asilimia 600 kwa mwaka. Wastani huchanganya hawa na hawa. Tufanye mfano mdogo. Watu wanne wamenunua seti moja moja, kila mtu kwa dola 100. Mmoja ameuza kwa 300. Watatu wameuza kwa 80 kila mmoja. Jumlisha: 300, na 80 mara tatu ni 240, jumla 540. Gawanya kwa nne: 135. Wastani wasema kila mtu amepata faida ya 35. Lakini waulize wale watatu! Kila mmoja amepoteza 20. Mtu hali wastani. Hula alichokipata yeye. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Kwa wastani jambo hili lina faida," mwulize, "Wangapi walipata hasara?"

Pili, bei iliyoandikwa si fedha iliyoingia mfukoni. Turudi kwenye Falcon ya mwaka 2007. Tuseme mtu aliinunua kwa dola 500, akaiweka miaka 10, akaiuza kwa 2,000. Atakuja kwako akuambie, "Nimepata faida ya 1,500!" Wewe mkaribishe kiti, kisha mwambie mhesabu pamoja. Alimpataje mnunuzi? Aliitangaza katika soko la intaneti, na soko hukata ushuru wake. Tuseme 13 katika kila mia. Mia ziko 20, basi ni 13 mara 20, yaani 260. Boksi ni kubwa na zito. Kufunga vizuri na kupeleka kwa posta, tuseme 60. Je, liliwekwa wapi miaka kumi? Kama alilipa stoo, na tuseme sehemu ya boksi hilo ilikuwa dola 5 kwa mwezi, miezi 120 yafanya 600. Haya, toa.

2,000 kutoa 260 ni 1,740. Kutoa 60 ni 1,680. Kutoa 600 ni 1,080. Kutoa 500 alizonunulia, imebaki 580.

Ile 1,500 imekuwa 580. Bado ni faida, wala hatuidharau. Lakini ni kwa miaka kumi, sawa na dola 58 kwa mwaka, na tumechagua mojawapo ya seti zilizofanikiwa kuliko nyingi. Kama angeliweka chini ya kitanda chake bila kulipa stoo, angebaki na 1,180. Ndiyo sababu kijana wa mzee wetu analala juu ya maboksi. Hapo amefikiri vizuri.

Lakini chini ya kitanda kuna mambo. Boksi likibonyea pembe, bei imeshuka. Likiloa, limekwisha, maana mkusanyaji hununua karatasi ya nje kama anavyonunua vipande vya ndani. Jua likipiga, rangi ya boksi hufifia, na vitofali vyeupe vilivyo wazi hugeuka manjano. Plastiki yenyewe, iitwayo ABS, ambayo kampuni imeitumia tangu mwaka 1963, ni ngumu na hudumu. Hata hivyo wajenzi wanajua kwamba vitofali vya rangi ya kahawia vya miaka fulani baada ya 2000 huvunjika kwa urahisi. Halafu wako wezi. Mwaka 2024 polisi wa Los Angeles, Marekani, walikuta zaidi ya maboksi 2,800 ya LEGO ambayo walisema ni mali ya wizi. Mwizi naye amesikia habari ya asilimia 11.

Sasa mzee, nakujibu wewe. Usimwandikie kijana barua ya ukali. Mwandikie maswali. Mwulize: maboksi haya umeyanunua kwa bei ya duka, au kwa bei ya mtu aliyekutangulia? Aliyenunua kwa bei ya duka, au chini yake wakati duka lapunguza bei, ana nafasi. Anayenunua baada ya bei kupanda amebeba mzigo wa mwenzake. Mwulize: umeshauza hata boksi moja, ukaona fedha mkononi? Kama hajauza, mwambie auze moja, lile dogo, apate kujua njia ya kutokea ilivyo. Na mwulize swali hili kubwa kuliko yote: fedha hizi ni za ziada, au ni za kodi ya nyumba na za kumpeleka mama hospitali? Boksi halivunjwi nusu. Mtu mwenye shida leo hawezi kungoja mnunuzi wa mwezi ujao. Huuza kwa bei yoyote atakayopewa, hata iwe chini ya aliyonunulia. Akiba ya benki au ya chama cha kuweka na kukopa yaweza kutoa faida ndogo, lakini siku ya msiba hailazimu kutafutiwa mpenzi wa sinema.

Kama maboksi ni machache, na fedha ni za ziada, na kijana anayapenda hata yasipopanda bei, mwache. Atakuwa na kitu cha kumfungulia mjukuu wako. Kama ameweka nusu ya mshahara wake humo, basi mwite, mzungumze.

Hesabu ya nyumbani ni hii. Ifanyeni darasani kwa makundi, kisha mwalimu asahihishe.

Mtu alinunua seti 6 za sinema kwa dola 80 kila moja. Baada ya miaka minne zikawa zimestaafu. Akauza 2 kwa dola 150 kila moja, na 3 kwa dola 90 kila moja. Ya sita iliingiwa na maji, akaiuza kwa dola 30. Soko lilikata dola 13 katika kila mia ya mauzo yote. Posta ilikuwa dola 9 kwa kila boksi. Stoo hakulipa. Yeye aliwaambia jirani zake kwamba amepata faida ya dola 120. Je, alipata faida au hasara, na kiasi gani?

Andikeni hesabu yote, hatua kwa hatua, si jibu peke yake. Majibu yatasomwa katika somo lijalo. Kwaherini.